Maswali ya Wasomaji: Nitajuaje lendiskepa (fundi wa kuchora na kupanda bustani) anaelewa bustani ya maji kidogo?

SWALI: Habari ya kazi. Mimi na mzee tumejenga Kiamunyi, ploti ni hamsini kwa mia, na tangu tuhamie hiyo kompaundi imetushinda. Fundi wa kwanza alituwekea nyasi ya kapeti, mawaridi pale mlangoni na mitende kando ya ukuta, ikapendeza hadi mvua ilipokatika, alafu maji ya mfereji sisi tunapata siku mbili kwa wiki, kufika Februari yote yamekauka. Sasa nataka bustani ya miti na maua ya kwetu, yale yanaweza kuishi na maji kidogo. Nimeongea na malendiskepa wawili. Mmoja anataka nilipie ramani kabla hajapanda chochote, wa pili anasema ramani ni bure bora nimpe kazi yote. Nimwamini nani? Na mzee anasema bustani ya miti ya porini itatuletea nyoka. Tanki tunalo moja la lita 5,000. – Mama wa Kiamunyi, Nakuru

JIBU: Mama, pole kwa hiyo mitende na hiyo pesa. Nianze na ramani ya bure manake hapo ndipo watu wengi wananaswa. Ramani ya bure inalipwa na miche. Fundi anayekuchorea bure faida yake iko kwa kile atakachokuuzia baadaye, kwa hivyo kila mahali pakiwa wazi yeye anaona nafasi ya kuweka kitu, nyasi zaidi, vyungu zaidi, lori lingine la udongo mwekundu, na wewe bustani yako ya maji kidogo inataka mtu anayeweza kukwambia hapa tuweke kokoto basi, hapa tusipande kitu, huu mti uliopo tayari tuuache. Mtu kama huyo anauza akili yake, na akili lazima ilipwe. Kwa hivyo mimi ningeelekea kwa yule anayelipisha ramani. Lakini si kwa sababu ametaja bei tu, kuna watu wanalipisha picha walizotoa kwa mtandao, bustani za Dubai na California, ukiuliza hiyo mimea inaitwaje anakwambia tutatafuta.

Mwite aje nyumbani na usimwambie kitu kwanza, sikiliza anauliza nini. Anayejua kazi ataanza na maji kabla ya maua. Atauliza paa lako ni kubwa kiasi gani na maji yake yanaangukia wapi, mfereji unakuja siku gani, kuna kisima ama unanunua maji ya lori, shimo la choo limekaa upande gani, jua la saa nane linapiga ukuta upi, upepo wa Januari unatoka wapi, kamba ya nguo iko wapi, watoto na mbwa wanapita wapi. Alafu ataomba jembe. Huku kwetu chini ya Menengai udongo mwingi ni wa volkano, ni mwepesi, unachimba futi moja hivi unaanza kukutana na yale mawe mepesi yenye matundu, na ukimwaga ndoo ya maji kwa hilo shimo utaona yanazama ukiwa bado umesimama hapo. Fundi akiona hivyo anajua mambo mawili papo hapo, kwamba mizizi haitaoza, na kwamba maji ukiyamwaga juu hayakai, lazima uweke samadi iliyoiva na matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, ndio unyevu ubaki. Fundi ambaye hajachimba shimo na tayari ameandika kotesheni, yeye ameandikia ploti nyingine, si yako.

Sasa hesabu, na hii mfanye pamoja naye mbele yako. Milimita moja ya mvua kwa mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa lako likiwa mita 120 za mraba, mvua ya milimita 10 inakupa lita 1,200, toa za kumwagika na za kuosha paa, sema 1,000. Kwa hivyo mvua tano za maana mwezi wa nne tanki limejaa. Upande wa matumizi, nyasi ya kapeti ukitaka ikae kijani wakati wa kiangazi inataka karibu milimita 25 kwa wiki, kwa mita 100 za mraba hizo ni lita 2,500 kila wiki, yaani tanki lako lote wiki mbili limeisha. Linganisha na miche 40 ya miti na vichaka vya kwetu, kila mmoja ukipewa lita 10 kwa wiki, hiyo ni lita 400, tanki hilo hilo linakufikisha wiki 12, na wiki 12 ndio kiangazi chetu kutoka Januari hadi mvua ya Machi mwishoni. Ndio maana fundi wako wa kwanza alikuangusha hata kama alikuwa na mkono mzuri wa kupanda. Hakuna mtu angeweza kubeba hiyo nyasi kwa maji ya siku mbili kwa wiki.

Kama ni lazima watoto wapate pa kuchezea, mwambie akuachie kipande kidogo cha ile nyasi yetu ya kawaida ya Kikuyu ambayo ni ya nyanda za juu za huku huku Afrika Mashariki. Itakauka Februari, ni kweli, lakini mizizi inabaki hai na mvua ikirudi inarudi. Mnakubaliana tu nyumbani kwamba miezi miwili hakuna kijani hapo.

Sasa kitu ninachokisisitiza kuliko vyote. Mwambie akupeleke kwa bustani aliyopanda si chini ya mwaka mmoja umepita, na muende Februari. Usikubali picha za siku ya kukabidhi kazi, siku hiyo kila bustani inang'aa manake miche imetoka kitaluni jana na imenyweshwa asubuhi. Ukifika, ongea na mwenye nyumba pembeni, muulize analipa bili ya maji kiasi gani, ni miche mingapi ilikufa na fundi alirudi kuibadilisha ama alizima simu. Funua matandazo na mkono uone kama udongo wa chini una unyevu. Angalia kama miti imepandwa mbali na ukuta kulingana na ukubwa wake wa baadaye ama imebanwa tu ndio ionekane imejaa. Kama huyo mtu hana hata bustani moja ya kukuonyesha kiangazi, basi labda ni kijana anaanza kazi, si mbaya, mpe kipande kidogo cha mbele kwanza.

Elimu yake pia uliza, bila kumdharau. Chuo kikuu cha JKUAT wanasomesha shahada ya usanifu wa mandhari, na chama cha wasanifu majengo, AAK, kina tawi la wasanifu wa mandhari, kwa hivyo ukitaka mtu mwenye karatasi unaweza kuanzia hapo. Lakini pia kuna watu wa vitaluni hapa Nakuru ambao hawana shahada na wanajua miti ya Rift Valley kwa majani, kwa gome, kwa harufu, na kwa ploti ya hamsini kwa mia mtu kama huyo anaweza kukutosha, bora akubali kuchora na kuandika.

Na kuandika ndio neno. Orodha ya mimea iwe na jina la kwetu na jina la kisayansi, yote mawili. Si mambo ya kujionyesha. Ukiandikiwa tu akasia, fundi anaweza kukuletea black wattle, Acacia mearnsii ya Australia, na hapo yeye hajavunja mkataba. Mambo mengi tunayoyaona kila siku tukadhani ni ya hapa yalikuja kwa meli, jakaranda na bogenvilia zimetoka Amerika Kusini, mukima na mkaratusi Australia, kayaba ya ua kusini mwa Afrika, na lantana hiyo ya maua ya rangi rangi imetoka Amerika na inasambaa vibaya hadi kwa malisho. Sisemi ung'oe jakaranda yako kama iko na ina kivuli. Nasema ukilipia mimea ya kwetu upate ya kwetu.

Mkataba uwe kurasa mbili tatu tu lakini uwe na haya: ramani yenye vipimo inakuwa yako hata kama kazi utampa mwingine, malipo kwa awamu na ya kwanza isizidi thuluthi, nani ananunua miche na risiti zinakuja kwako, mche ukifa ndani ya miezi sita nani anabadilisha, na nani anamwagilia. Hii ya mwisho ndiyo inaleta kelele zaidi. Fundi atasema ulisahau kumwagilia, wewe utasema alipanda vibaya. Andikeni ni lita ngapi, siku gani, kwa miezi mingapi. Manake usidanganywe na neno maji kidogo, mti wa kwetu nao ukiwa mchanga unataka maji, kiangazi cha kwanza lazima unyweshwe kila wiki na cha pili mara moja moja, baada ya hapo ndio unaweza kuuacha na mvua yake. Mtu anayekwambia mimea ya asili haitaki maji kabisa kutoka siku ya kwanza, huyo mwache. Na kupanda iwe mvua ya Machi mwishoni ama Aprili ikishaingia vizuri, miche midogo ya futi moja au mbili, usishawishike na mti mkubwa wa bei ghali, mdogo unashika udongo haraka na baada ya miaka michache wanalingana.

Habari ya mimea yenyewe hukuniuliza, lakini nitataja kidogo ndio ukiletewa orodha uwe na cha kulinganisha. Leleshwa ningeweka ya kwanza. Chukua jani lake uligeuze, chini ni jeupe lina manyoya laini kabisa, hiyo ndiyo inazuia maji yasipotee na jua, na ukilisugua kwa vidole linanukia kafuri, kichaka kizima ni cha rangi ya fedha na huwezi amini hakuna mtu anakimwagilia huko Gilgil na Elementaita. Ukikipogoa kinakaa vizuri tu. Kwa ua, badala ya kayaba, Dodonaea inapogoleka vizuri, ama mukawa ule wa miiba, Carissa, unatoa maua meupe ya harufu nzuri na matunda meusi watoto wanakula. Maigoya unapanda kwa vijiti, omba jirani, ni bure na maua yake ni ya bluu. Mti wa mapambo, muhuti, Erythrina abyssinica, maua mekundu ya kiangazi wakati kila kitu kimelala. Leonotis weka pale dirisha la jikoni, ile yenye maua ya chungwa yamezunguka shina kwa ngazi ngazi, ndege wale wa chozi watakuja asubuhi wakining'inia kwa maua wakifyonza. Mshubiri wa kwetu, Aloe secundiflora, na mkonge mwitu kando ya njia ya kokoto. Mutamaiyo, mzeituni mwitu, kama una subira, unakua polepole lakini ni mti wa vizazi. Huo mgunga wa manjano wa kule kwa ziwa, hata kama unaupenda, kwa ploti yako hapana, ni mkubwa na unapenda mahali maji yako karibu.

Viwili vya kuangalia kwa sababu ya watoto. Mimea ya jamii ya Euphorbia ina maziwa yanayochoma macho vibaya, na msunguti, Acokanthera, ni sumu kabisa, ndio huo ulikuwa unapakwa kwa mishale. Mingi yake ni ya kwetu na ni mizuri, na fundi aliyekuuliza habari ya watoto siku ya kwanza hawezi kukupandia hayo kando ya bembea.

Maji ya paa yakizidi tanki yaelekezwe kwa vitanda vilivyochimbwa chini kidogo kuliko njia, si vile vya kuinuliwa, ndio yazame kwa mizizi. Lakini yatawanywe sehemu kadhaa na yakae mbali na msingi wa nyumba. Hapa Nakuru tunajua ardhi inavyofunguka nyufa mvua ikiwa kubwa, hutaki paa zima limwagikie shimo moja kando ya ukuta wa chumba cha kulala. Na ukilazimika kununua maji ya lori, uliza yametoka wapi, visima virefu vya Rift Valley mara nyingi vina floridi na chumvi ya sodiamu nyingi, ukiyatumia mwaka mzima udongo unaharibika, na mimea kama dracaena utaona ncha za majani zinaungua. Maji ya kusuuzia nguo ni sawa kwa miti mikubwa, hayo ya jiki usimwage.

Habari ya nyoka, mwambie mzee nimemsikia, na hofu yake ina msingi. Nyoka anafuata panya na mahali pa kujificha, hafuati jina la mti. Rundo la mawe, mbao za ujenzi zilizobaki nyuma ya nyumba, nyasi ndefu isiyokatwa, chakula cha kuku kimemwagika, hivyo ndivyo vinamwalika, na vinaweza kuwa kwa kompaundi ya mawaridi pia. Mwambie mchoraji aache ukanda wa kokoto wa mita moja na nusu kuzunguka nyumba, vichaka vipogolewe chini ndio uone udongo, na matandazo yasirundikwe, vidole vinne vinatosha na yasiguse shina. Ukiwa na huo ukanda utatembea usiku na tochi unaona kila kitu.

SWALI: Nina ploti Gilgil na leleshwa na aloe zimejaa tu kando ya barabara. Lendiskepa ananiambia tuchimbe huko tuokoe pesa. Ni sawa? – Msomaji, Gilgil

JIBU: Hapana ndugu yangu. Kwanza hiyo ardhi ina mwenyewe, iwe ni ranchi, kaunti ama hifadhi, na ukikutwa unachimba ndani ya hifadhi ni kesi. Pili, mishubiri ya porini yote, isipokuwa Aloe vera ya kawaida, iko kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na biashara yake KWS, shirika la wanyamapori, wanaifuatilia, manake imechimbwa hadi sehemu nyingine haionekani tena. Tatu ni ya kifundi tu, leleshwa kubwa ukiing'oa mzizi mkuu unakatika, itasimama wiki mbili ikikudanganya alafu inakauka. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wana kituo Londiani na KFS, shirika la misitu, wana vitalu vyao, uliza huko miche na mbegu. Kitu kimoja unaweza kuokoa halali: kama hiyo ploti yako yenyewe ina leleshwa, mwambie mwenye tingatinga asisafishe yote kabla ya kujenga. Zungushia kamba zile unazotaka zibaki. Watu wanalipa kung'oa kichaka mwezi wa kwanza na kulipa tena kukipanda mwezi wa sita, inaniuma nikiona hivyo.

SWALI: Niko Nyamasaria, Kisumu, udongo mweusi ule wa pamba. Mvua ikinyesha maji yanasimama, jua likiwaka unapasuka unaingiza mkono. Mchoraji anasema ninunue lori za udongo mwekundu tufunike yote ndio tupande miti ya asili. – Baba Achieng'

JIBU: Baba, usinunue bado. Ukifunika mwekundu juu ya mweusi, maji yatashuka hadi pale zinapokutana yakwame hapo, na mizizi nayo itageuka hapo hapo. Afadhali muanze na maji yanakotoka na yanakotaka kuelekea, mchimbe mtaro mpana wa kina kidogo unaoyapeleka upande wa chini, na udongo mliotoa mtaroni muuchanganye na mboji muinue vilima vya miti. Mchoraji aje siku mvua imenyesha, akikwambia atakuja ikikauka hatajua shida yako. Juu ya vilima panda siala na mkwaju, hizo hazipendi kusimama kwa maji. Huko chini kunakolowa weka Sesbania sesban, huo ni mti wa huku huku na unavumilia kulowa, na kwa mtaro wenyewe matete. Mgunga wa Acacia seyal unapenda huo udongo mweusi kama ulivyo. Mukuyu kando ya nyumba usikubali hata kama kivuli chake ni kizuri namna gani, mizizi yake itafika kwa septiki. KEFRI wako Maseno, si mbali na wewe, piga simu Januari uagize miche manake ukingoja mvua ianze utakuta imeisha.